Kamati ya Wafanyakazi Wayahudi

Kamati ya Wafanyakazi Wayahudi (kifupi: JLC) ni shirika la Wayahudi wa mrengo wa kushoto lililoanzishwa mjini New York, Marekani, mwaka 1934. Waanzilishi wake walikuwa vyama vya wafanyakazi, hasa vya mafundi cherehani na washonaji wa viwandani, pamoja na vyama vya kusaidiana vya wahamiaji waliozungumza Kiyiddish. Lengo la kwanza lilikuwa kupinga Unazi na kuwasaidia wafanyakazi wa Ulaya walioteswa na udikteta.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945) kamati hiyo ilikusanya michango Marekani na Kanada kwa ajili ya Wayahudi walionusurika Ulaya. Fedha hizo zililisha watoto yatima, zilifufua shule na maktaba, na ziliwasaidia maelfu ya watu kuhama. Hata hivyo hazikuweza kurudisha chama na jamii ambazo wachangiaji wengi walitaka zifufuke. Sababu zilikuwa mbili: watu wenyewe walikuwa wameuawa, na serikali za Vita Baridi ndizo zilizoamua msaada ufike wapi.

## Asili

Wengi wa waanzilishi walilelewa kisiasa katika Bund, yaani Umoja Mkuu wa Wafanyakazi Wayahudi. Chama hicho cha kijamaa kiliundwa kwa siri mwaka 1897 katika mji wa Vilna (leo Vilnius, mji mkuu wa Lituanya), ambao wakati ule ulikuwa chini ya Dola la Urusi. Bund ilifundisha kwamba Wayahudi wanapaswa kupigania haki zao pale pale wanapoishi, wakishirikiana na wafanyakazi wa mataifa mengine, na kwamba lugha yao ya Kiyiddish inastahili shule na magazeti yake. Kwa sababu hiyo ilipinga Uzayuni, yaani harakati ya kuunda nchi ya Wayahudi huko Palestina.

Polisi wa Tsar walipowaandama, wanachama wengi wa Bund walikimbilia Marekani. Baruch Charney Vladeck, aliyezaliwa karibu na Minsk mwaka 1886, alifika huko mwaka 1908 na baadaye akawa meneja wa Forverts, gazeti kubwa la kila siku la Kiyiddish lililotolewa New York. David Dubinsky, aliyekulia katika mji wa Łódź, alifungwa na kupelekwa Siberia akiwa bado kijana. Alitoroka, akafika Marekani mwaka 1911, na kuanzia mwaka 1932 hadi 1966 aliongoza ILGWU, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo za wanawake.

Adolf Hitler alishika madaraka Ujerumani mwaka 1933 na mara moja akavunja vyama vya wafanyakazi. Mnamo Februari 1934 wajumbe zaidi ya 1,000 walikutana katika mtaa wa Lower East Side, New York, wakaunda kamati. Vladeck alichaguliwa kuwa mwenyekiti na Dubinsky mtunza hazina. Vladeck alipofariki mwaka 1938, nafasi yake ilichukuliwa na Adolph Held.

## Wakati wa vita

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliteka Ufaransa, na Umoja wa Kisovyeti uliimeza Lituanya. Wajamaa wengi waliokuwa wamekimbilia nchi hizo walinaswa. Kamati ilitumia uhusiano wake na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani (AFL) kuiomba serikali ya Rais Franklin Roosevelt viza za dharura. Zaidi ya watu 1,000 waliokolewa kwa njia hiyo, wakiwemo viongozi wa wafanyakazi, waandishi na familia zao. Waliokuwa Ufaransa walipitia Hispania na Ureno. Waliokuwa Lituanya walivuka Siberia kwa treni hadi Vladivostok, wakapanda meli kwenda Japani, na kutoka huko wakavuka bahari ya Pasifiki.

Kamati ilituma pia fedha kwa siri hadi Polandi kupitia serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London. Sehemu ya fedha hizo ilifika kwa wanachama wa Bund waliojificha Warshawa. Lakini fedha hazikutosha kuzuia maangamizi. Tarehe 12 Mei 1943 Szmul Zygielbojm, mwakilishi wa Bund katika bunge la uhamishoni, alijiua mjini London ili kulalamikia ukimya wa dunia wakati watu wake wakiuawa.

## Hali ya mwaka 1945

Kabla ya vita Polandi ilikuwa na Wayahudi milioni 3.3 hivi. Takriban milioni 3 waliuawa. Katika uchaguzi wa halmashauri ya jiji la Warshawa mwaka 1938, Bund ilikuwa imepata viti 17 kati ya 20 vilivyopatikana na vyama vya Kiyahudi. Miaka saba baadaye wapiga kura hao karibu wote walikuwa wamekufa.

Walionusurika walikuwa wametawanyika. Wengine walitoka makambini au mafichoni, na wengine walirudi kutoka Umoja wa Kisovyeti walikokimbilia. Mwanzoni mwa mwaka 1946 katibu mtendaji wa kamati, Jacob Pat, alisafiri hadi Polandi kuwaona. Pat mwenyewe alikuwa mwalimu na kiongozi wa shule za Kiyiddish za Polandi kabla ya vita. Aliporudi New York alitoa kitabu kiitwacho "Majivu na Moto", ambamo aliandika maelezo aliyoyasikia kutoka kwa walionusurika.

Wengi hawakuona usalama wa kubaki. Tarehe 4 Julai 1946 Wayahudi 42 waliuawa na umati wa watu katika mji wa Kielce, na baada ya hapo makumi ya maelfu waliihama Polandi. Takriban Wayahudi 250,000 waliishi katika kambi za wakimbizi za Ujerumani, Austria na Italia, wakingoja nchi yoyote iwafungulie mlango.

## Jinsi michango ilivyokusanywa

Kamati haikuwa shirika kubwa la msaada. Kazi kubwa zaidi ilifanywa na shirika lililojulikana kama Joint, lililoanzishwa mwaka 1914, ambalo lilipata fedha zake kupitia mfuko wa pamoja wa Wayahudi wa Marekani. Mwaka 1946 mfuko huo ulijiwekea lengo la kukusanya dola milioni 100. Kamati ya wafanyakazi ilishughulika na viwango vidogo sana kuliko hivyo.

Tofauti ilikuwa katika chanzo cha fedha. Mfuko mkuu ulitegemea sana matajiri, wakati kamati ilitegemea watu wa mshahara. Njia zake kuu zilikuwa nne:

- Matawi ya vyama vya wafanyakazi, ambayo yalipiga kura kutoa sehemu ya hazina yao au kuwaomba wanachama wachangie sehemu ya ujira.
- Matawi ya Arbeter Ring, chama cha kijamaa cha kusaidiana kilichowapa wanachama wake bima ya ugonjwa na mazishi.
- Vyama vya wenyeji wa mji mmoja, yaani wahamiaji waliotoka mji uleule wa Ulaya. Baada ya vita wengi wao waligundua kwamba hawana tena jamaa wa kumtumia fedha, wakazitoa kwa yeyote aliyebaki hai.
- Matangazo katika magazeti ya Kiyiddish, pamoja na jioni za maigizo, muziki na chakula cha pamoja.

Jambo hili lilikuwa na maana ya kisiasa. Chama kilichopiga kura kutoa fedha kilikuwa na haki ya kuuliza zimetumikaje, na kwa hiyo msaada ulikuwa pia njia ya kuwaweka wanachama pamoja.

## Watoto waliodhaminiwa

Mradi uliojulikana zaidi ulianza mwaka 1945. Tawi la chama, kiwanda, darasa au mtu binafsi aliweza "kumchukua" mtoto mmoja wa Ulaya kwa kulipa dola 300 kwa mwaka. Neno hilo halikumaanisha kumlea kisheria. Mtoto alibaki Ulaya, katika makazi ya watoto au na mzazi aliyebaki, na mdhamini alilipia chakula, mavazi na masomo yake. Mdhamini alipokea picha na maelezo ya maisha ya mtoto, na mara nyingi waliandikiana barua.

Mfano mmoja ni makazi yaliyopewa jina la Vladeck katika mji wa Brunoy, karibu na Paris. Yaliendeshwa na wafuasi wa Bund wa Ufaransa kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walipelekwa kuuawa. Walezi walifuata mfano wa sanatoria ya Medem, iliyokuwa karibu na Warshawa kuanzia mwaka 1926. Huko watoto maskini wenye dalili za kifua kikuu walitibiwa, walisoma kwa Kiyiddish, na walishiriki katika kuendesha mambo yao. Mwaka 1942 Wanazi waliwachukua watoto na walezi wa sanatoria hiyo na kuwapeleka kuuawa Treblinka. Hivyo kwa wachangiaji wa New York makazi ya Brunoy yalikuwa zaidi ya mahali pa kulala na kula: yalikuwa jaribio la kuendeleza malezi yaliyokatizwa.

Majalada ya watoto hao yamehifadhiwa leo katika Chuo Kikuu cha New York, pamoja na nyaraka nyingine za kamati.

## Mradi wa mafundi cherehani wa Kanada

Kamati ilikuwa pia na tawi Kanada, ambako milango ya uhamiaji ilikuwa imefungwa kwa Wayahudi tangu miaka ya 1930. Baada ya vita serikali ya huko iliruhusu waajiri kuleta wafanyakazi kutoka makambini, lakini kwa kazi kama ukataji wa miti na uchimbaji wa madini. Viongozi wa tawi hilo waliona nafasi: kama wakata miti wanaweza kuletwa, kwa nini si mafundi cherehani?

Vyama vya wafanyakazi wa nguo, wenye viwanda na Baraza la Wayahudi wa Kanada waliungana kuomba kibali. Kwa kawaida pande hizo zilivutana juu ya mishahara, lakini safari hii zilituma ujumbe mmoja hadi makambi ya Ulaya. Waombaji walijaribiwa kwa kushona mbele ya wajumbe. Serikali iliweka sharti kwamba sehemu ya nafasi ziende kwa watu wasio Wayahudi, na wajumbe walilazimika kukubali ingawa mpango ulianzishwa kwa ajili ya Wayahudi. Kuanzia mwaka 1948 zaidi ya mafundi 2,000 waliingia Kanada pamoja na familia zao, wakaajiriwa hasa katika viwanda vya Montreal, Toronto na Winnipeg.

Mkurugenzi wa tawi la Kanada, Kalmen Kaplansky, aliyezaliwa Białystok, alitumia uzoefu huo kuunda kamati za wafanyakazi za kupinga ubaguzi wa rangi na dini. Kamati hizo zilichangia kupatikana kwa sheria za kwanza za Kanada dhidi ya ubaguzi kazini na katika nyumba za kupanga.

## Mashindano ndani ya mrengo wa kushoto

Kamati haikuwa peke yake. Wayahudi wa mrengo wa kushoto waligawanyika katika makundi matatu, na kila moja lilikuwa na mfuko wake.

Kundi la kwanza lilikuwa wajamaa wa kidemokrasia wa kamati yenyewe na wa Bund.

Kundi la pili lilikuwa Wakomunisti. Mwaka 1943 mwigizaji Solomon Mikhoels na mshairi Itzik Fefer walitumwa na Moscow kuzunguka Marekani, Meksiko, Kanada na Uingereza wakiomba msaada kwa ajili ya vita vya Wasovyeti dhidi ya Hitler. Mkutano wao katika uwanja wa Polo Grounds, New York, ulihudhuriwa na watu wapatao 50,000. Baada ya vita Wayahudi Wakomunisti wa Marekani walisaidia makazi ya watoto yaliyoendeshwa na wenzao wa Ufaransa. Shirika lao la kusaidiana, lililokuwa na wanachama karibu 50,000, lilikuwa sehemu ya jumuiya ya bima ambayo serikali iliiweka mwaka 1947 katika orodha ya mashirika yanayotiliwa shaka, na mahakama ya New York ikaamuru ivunjwe. Kwa upande mwingine wa dunia, Mikhoels aliuawa kwa amri ya Stalin mwezi Januari 1948, na Fefer alipigwa risasi pamoja na wenzake tarehe 12 Agosti 1952. Kuwahi kuonana na Wayahudi wa Marekani kulihesabiwa kuwa ushahidi wa ujasusi.

Kundi la tatu lilikuwa Wazayuni wa kijamaa. Tangu miaka ya 1920 waliendesha kampeni ya kila mwaka Marekani kwa ajili ya Histadrut, shirikisho la wafanyakazi Wayahudi wa Palestina. Mapema mwaka 1948 Golda Meir, aliyetoka katika shirikisho hilo, alizunguka miji ya Marekani na kurudi na ahadi za takriban dola milioni 50 kwa ajili ya vita iliyokuwa ikianza. Kiasi hicho kinaonyesha mahali ambapo matumaini ya Wayahudi wengi yalikuwa yameelekea.

## Bund baada ya vita

Mnamo Mei 1947 wajumbe wa Bund kutoka nchi mbalimbali walikutana Brussels, Ubelgiji, na kuunda kamati ya uratibu ya dunia yenye makao New York. Chama kilichozaliwa kwa imani ya kubaki pale walipo watu wake kilikuwa sasa chama cha watu waliotawanyika, kuanzia Paris hadi Buenos Aires, Meksiko na Melbourne.

Nchini Polandi kwenyewe Bund ilifufuka kwa muda mfupi. Iliendesha ushirika wa mafundi, shule na gazeti. Lakini chama tawala cha Kikomunisti hakikuvumilia washindani. Mnamo Januari 1949 Bund ya Polandi ililazimishwa kujivunja, na mwishoni mwa mwaka huo serikali iliifukuza Joint pia. Mlango wa msaada kutoka nje ukafungwa. Miongoni mwa wachache waliobaki nchini alikuwa Marek Edelman, mmoja wa makamanda wa uasi wa ghetto la Warshawa wa mwaka 1943, aliyekuwa daktari wa moyo mjini Łódź hadi uzeeni.

Kuundwa kwa Israeli mwaka 1948 kuliwagawa wafuasi. Bund ilikuwa imepinga kuanzishwa kwa dola la Kiyahudi, lakini katika mkutano wa Montreal wa mwaka 1955 ilikubali kwamba dola hilo ni tukio muhimu katika historia ya Wayahudi, huku ikiendelea kulikosoa. Vyama vya washonaji vya New York vilisogea haraka zaidi na kuisaidia Histadrut waziwazi.

## Vita Baridi na fidia

Viongozi wa kamati walikuwa wapinzani wakali wa Ukomunisti tangu mwanzo. Dubinsky na wenzake wa AFL waligharimia vyama vya wafanyakazi visivyo vya Kikomunisti Ufaransa, Italia na Ujerumani. Mwaka 1967 vyombo vya habari vya Marekani vilifichua kwamba sehemu ya fedha zilizotumika katika kazi ya namna hiyo ilitoka kwa shirika la ujasusi la CIA. Ufichuzi huo ulizua swali ambalo bado linajadiliwa: mfanyakazi wa Ulaya aliyepokea msaada angejuaje kama umetoka kwa mshonaji mwenzake au kwa serikali?

Wakati huohuo chanzo cha fedha za msaada kilibadilika. Mwaka 1951 mashirika ya Kiyahudi, kamati ikiwa mojawapo, yaliunda baraza la kudai fidia kutoka Ujerumani. Mkataba uliotiwa sahihi Luxemburg tarehe 10 Septemba 1952 uliahidi alama za Ujerumani bilioni 3 kwa Israeli na milioni 450 kwa baraza hilo. Michango midogo ya viwandani ilipungua umuhimu, na kamati ikageukia zaidi haki za raia ndani ya Marekani, ikiwemo kuunga mkono maandamano ya Washington ya mwaka 1963.

## Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Kamati yenyewe haikufanya kazi Afrika ya Mashariki, lakini vyama vilivyoiunda vilifika. Maida Springer, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Panama na kiongozi katika Tawi namba 22 la ILGWU, alitumwa Afrika na shirikisho la AFL-CIO, akafahamiana na Tom Mboya wa Kenya na Julius Nyerere wa Tanganyika. Shirikisho hilo lilitoa dola 35,000 kusaidia ujenzi wa jengo la Solidarity mjini Nairobi, ambalo ni makao makuu ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Kuanzia mwaka 1960 Histadrut, kwa msaada wa vyama vya Marekani, iliendesha chuo mjini Tel Aviv kilichofundisha viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika kutoka Afrika na Asia. Hapa pia Vita Baridi vilileta mabishano: wakosoaji walidai kwamba msaada wa nje uliwafanya viongozi wa wafanyakazi wategemee wafadhili.

## Tathmini

Kamati ingalipo New York, ingawa ni ndogo. Viwanda vya nguo vilivyoilisha vimehama, na watoto wa wale washonaji waliingia katika ualimu, sheria, udaktari na biashara.

Ukiipima kwa lengo la kufufua maisha ya wafanyakazi Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kamati ilishindwa, kwa kuwa hakuna mchango unaoweza kurudisha watu milioni tatu. Ukiipima kwa watu mmoja mmoja, hesabu ni nyingine: viongozi waliopata viza mwaka 1940, watoto waliopata chakula na barua, mafundi waliopata kazi Kanada. Maktaba ya Medem ya Paris, iliyoanzishwa na wafuasi wa Bund mwaka 1929 na kunusurika vita, bado inatunza vitabu vya Kiyiddish na inaendelea kuwahudumia wasomaji.